Figo ya Juu, Figo ya Chini

Kabla hajapanda mlimani kutafuta kazi, Bomba alikuwa amekwisha kumpa mdogo wake figo moja. Hakuwa mtu wa kulitangaza jambo hilo. Aliyemwona amevua shati na kumuuliza juu ya kovu refu la ubavuni alijibiwa, "Walinipunguzia mzigo," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, mwembamba tangu utotoni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Sindano. Wazazi wao walifariki mapema, Bomba akamlea. Yeye ndiye aliyemsuka nywele za shule, vibaya, mpaka walimu wakacheka. Yeye ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza. Kwa hiyo Sindano alipoanza kuvimba uso kila asubuhi, na madaktari wakasema figo zake zimekufa zote mbili, Bomba alikwenda kupimwa bila kuambiwa. Walipomwambia damu yao inalingana na kwamba ajipe muda wa kufikiri, aliwatazama kama watu wasioelewa lugha.

"Nifikiri nini?" akasema. "Nionyesheni kitanda."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo ikashika, uso wa Sindano ukarudi mahali pake, cherehani ikaanza tena kulia pale barazani mbele ya nyumba yao ya vyumba viwili. Lakini figo ya kupewa haizoeleki mwilini. Mwili unaijua kuwa ni mgeni na haukomi kutaka kuifukuza, na kinachouzuia ni vidonge tu, asubuhi na jioni, mpaka siku ya kufa. Vidonge vyenyewe vilikuwa ghali, si vya mtu anayechomelea mageti na madirisha mitaani. Bomba alijaribu. Alikubali kila kazi, akalala karakana, akakonda. Kisha akasikia mgodi wa mlimani unatafuta wachomeleaji wa mabomba, na kwamba mfanyakazi wa mgodi hupewa bima ya afya, yeye pamoja na ndugu mmoja anayemtegemea.

"Wenzako huandika mke," alisema ofisa wa ajira.

"Mimi nimeoa mashine ya kuchomelea," Bomba akajibu. "Mwandike dada yangu."

Daktari wa kampuni, huko chini mjini, aliliona kovu. Bomba hakumficha kitu. Daktari akampima presha, akapima mkojo, akaona kila kitu kipo sawa.

"Figo moja inatosha," akasema, akigonga muhuri. "Watu huzeeka nayo."

Hakuwa mwongo. Watu huzeeka nayo kweli, huko waliko wao. Hakuna aliyejiuliza ingekuwaje juu mlimani.

Mgodi ulikuwa mahali ambapo miti imeachwa chini kabisa na mawe ndiyo yaliyobaki. Lori lilipanda kutwa nzima. Walipofika, Bomba alishuka na mkoba wake, akapiga hatua chache kuelekea mabwenini, akalazimika kusimama na kushika magoti kama mzee. Hewa ilikuwapo, anaivuta, lakini haikuwa na kitu ndani yake. Wenyeji wa pale waliketi ukutani wakiwatazama wageni na kucheka.

"Pumueni taratibu, jamani, hewa ni ya mgawo!"

Kilichowashangaza wageni zaidi ni mkojo. Siku zile za mwanzo hakuna aliyekaa. Foleni ya chooni haikukatika, watu wazima wanaume wakisukumana na kubana miguu kama watoto. Muuguzi wa zahanati ya mgodi, mwanamke mpole mwenye sauti nzito ambaye kila mtu alimwita Sista, aliwakusanya akawaeleza.

"Mwili ukikosa hewa, figo hufungua bomba," alisema. "Zinamwaga maji ili damu ipungue maji, ibebe hewa vizuri. Mnakauka pia kwa kupumua, maana upepo wa huku ni mkavu na mnahema kama mbwa. Na kiu hamtaisikia, baridi inaificha. Kwa hiyo kunyweni maji hata msipokuwa na kiu. Anayekojoa sana huyo simwogopi. Ninayemwogopa ni asiyekojoa, anayeanza kuvimba vidole na uso. Huyo namshusha siku hiyohiyo."

Bomba alikojoa kama wenzake. Siku alipoona hivyo alifurahi peke yake chooni, akaupigapiga ubavu uliobaki na kitu, kama anayempongeza mtoto.

Kazi ilimkubali. Maji yalikuwa yakichimbuka ndani ya mashimo ya mgodi, na mabomba ya kuyavuta yalipasuka mara kwa mara kwa baridi. Alikuwa akijibana kwenye vishimo ambavyo wengine walivikataa, akachomelea akiwa amelala chali, cheche zikimwangukia kifuani. Ndipo alipopewa jina la Bomba. Alifanya kazi wiki kadhaa juu, akashuka nyumbani kupumzika, akapanda tena. Kila aliposhuka, jambo la kwanza ni kumtazama Sindano usoni. Uso ulikuwa mkavu, mashavu yake yaleyale membamba. Vidonge vilikuwapo kabatini. Basi, Bomba hakuwa na shida nyingine duniani.

Miaka ikapita hivyo.

Mwili ukikaa juu muda mrefu huchoka kungoja hewa, huanza kutengeneza damu nyingi zaidi na zaidi. Midomo ya Bomba ikawa ya zambarau. Macho yakawa mekundu hata asipokuwa amechomelea. Kichwa kilimgonga asubuhi kama kuna mtu ndani mwenye nyundo. Sista alikuwa na dawa ya hilo: alimtoboa mshipa, akatoa damu ikajaza mfuko, nzito na nyeusi, ikishuka polepole kwenye mpira kana kwamba inaona uvivu. Baadaye kichwa kilikuwa chepesi siku kadhaa.

"Damu hii imekuwa uji," Sista alisema siku moja, akiutazama mfuko. "Unaniletea kikombe cha mkojo leo?"

"Wa nini tena?"

"Niletee tu."

Akaleta. Sista alikitikisa kikombe, akakiweka dirishani penye mwanga. Povu jeupe lilipanda juu na halikushuka. Akachovya kijiti cha kupimia, rangi yake ikageuka upesi.

"Tangu lini unakojoa povu?"

Bomba akajaribu kukumbuka, kisha akaona haina haja ya kudanganya. "Siku nyingi. Nilidhani ni sabuni ya chooni."

"Figo ni chujio," Sista akasema. "Damu nzito inalisukuma, presha inalisukuma, hewa yenyewe hailifikii vya kutosha. Likianza kutoboka, chakula cha mwili kinapita na mkojo. Hata mwenye figo mbili huku juu namwona na povu. Wewe unayo moja. Shuka, mwanangu. Kabla haijaharibika zaidi."

Alisema "mwanangu" ingawa hawakupishana sana umri, na hilo ndilo lililomtisha Bomba.

Alipokwenda likizo alipita hospitali kubwa bila kumwambia Sindano. Daktari wa huko, kijana mwenye haraka, alimwonyesha matokeo na kumwambia kwamba figo yake imebaki na sehemu ndogo tu ya nguvu.

"Nikishuka itapona?"

"Haitapona. Itachelewa kufa."

"Na nikibaki?"

"Itawahi."

Bomba aliyakunja makaratasi, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kazi katika ofisi ya mgodi ya huku chini. Akaomba ahamishiwe bohari ya mjini. Hata kufagia atafagia. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akasikitika kwa dhati. Lakini watu wa bohari, akasema, si waajiriwa wa mgodi. Wameletwa na wakala, hawana bima ya ndugu.

"Vidonge vya dada yangu?"

Mkuu akafungua mikono yake juu ya meza. Haikuwa na kitu.

Bomba akapanda tena mlimani. Hakuwa mjinga, wala hakuwa anajipa moyo. Alikuwa amelipima jambo lile pande zote kama anavyopima bomba kabla ya kulikata: akishuka, figo iliyo ndani ya Sindano itakosa vidonge, akipanda, itakufa iliyo ndani yake mwenyewe. Zote mbili zilikuwa zake. Akachagua kuitunza ile ya chini.

Sista alipomwona anaingia zahanati alivua miwani.

"Nimekwambia nini mimi?"

"Sista, nakuomba. Usiandike kokote."

"Unaniomba nikutazame unavyokufa."

"Nakuomba unitoe damu kichwa kikiuma. Hayo mengine niachie."

Walibishana kutwa. Mwishowe Sista alikubali zamu moja tu, kisha nyingine, kila mara akisema ni ya mwisho. Alimpimia presha akiwa amefunga mlango. Alimpunguzia chumvi jikoni kwa kumsingizia vidonda vya tumbo. Wenzake wakamtania kwamba sasa anakula kama bibi harusi.

Aliyeivunja siri ni Sindano mwenyewe, na hakuhitaji karatasi. Bomba alikuwa amerudi likizo, ameketi barazani miguu juu ya kigoda, akimwangalia anavyoshona sare za shule. Sindano alisimamisha cherehani. Akaja akachuchumaa mbele yake, akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Akaondoa kidole. Shimo likabaki palepale kwenye nyama, kama alama kwenye unga uliokandwa.

"Nimesimama sana kazini," Bomba akasema.

"Kaka, mguu huu naujua. Nilikuwa nao mimi."

"Sindano…"

"Usinifanye mtoto! Imefika wapi?"

Akamwambia. Alitarajia atalia, lakini Sindano alisimama akaenda ndani, akarudi na kopo la vidonge vyake, akaliweka sakafuni kati yao.

"Kumbe ndiyo maana unapanda," akasema. "Kwa ajili ya hivi. Basi mimi naviacha leo."

"Ukiviacha nitakuwa nimepasuliwa bure."

"Na nikivila nitakuwa nakula nini? Si nakula wewe?"

"Mdogo wangu, hiyo figo nilikupa. Haikukopeshwa. Ukiiua utakuwa umeniua mara mbili."

Hapo ndipo Sindano alipolia, akiwa amesimama, mikono imening'inia. Bomba akamwambia kwamba atapanda zamu moja ya mwisho, akamalizie mkataba, kisha atashuka na watatafuta njia. Njia ipi, hakusema, maana hakuijua, na Sindano hakuuliza, maana naye alijua haipo. Akaokota kopo. Jioni alimeza kidonge mbele yake, akafungua kinywa kaka yake aone, kama mtoto anavyofanya, wakacheka kidogo, kicheko kibaya.

Zamu hiyo haikumalizika. Asubuhi moja Bomba aliamka akaona hawezi kufunga vifungo vya shati, vidole vimekuwa kama ndizi mbivu. Akakumbuka kwamba tangu jana hakwenda chooni. Aliteremka hata hivyo kwenye chumba cha pampu, akawasha mashine, akachomelea kipande kifupi. Kisha pumzi ikagoma. Alikohoa, na katika koo akasikia maji yanachemka. Wenzake walimkuta amekaa chini ameegemea bomba, kinyago bado kichwani, akihema kwa juujuu.

Sista aliingia naye kwenye gari la wagonjwa, akamwekea mtungi wa hewa, akamshika kichwa kisigonge bati kwenye kona. Njia yote ya kushuka alikuwa akimlaumu.

"Nilikwambia. Nilikwambia mimi. Na mimi mwenyewe nikakuachia."

Bomba alitaka kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, lakini kila neno lilihitaji hewa.

Hakufa. Walimvuta maji mwilini kwa mashine, mapafu yakafunguka, akakaa hospitali mpaka akaweza kutembea. Figo yake lakini haikurudi tena. Kuanzia hapo angekuwa akiletwa kuoshwa damu mara kwa mara, maisha yake yote. Mgodi ulimpa barua ya kumshukuru na kumwachisha kazi kwa sababu ya afya. Bima ilikwenda na kazi.

Matibabu ya mashine yalikuwa ya hospitali ya umma, foleni ndefu lakini yanapatikana. Vidonge vya Sindano havikupatikana. Waliomba huku na huku. Sista alituma alichoweza. Mtaa ulichanga, kwa moyo kabisa, mara moja, mara mbili, kisha watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara kwa aibu. Sindano akaanza kukata kidonge katikati. Halafu akaanza kula siku moja na kuruka moja. Hakumwambia kaka yake. Bomba alijua. Alisikia kila asubuhi kisu kidogo kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta, akajifanya amelala. Angesema nini? Hakuwa na kidonge cha kumpa.

Mwili wa Sindano ukamgundua mgeni. Ilikuwa homa kwanza, kisha maumivu mahali ambapo figo ile ililazwa, kisha uso wake ukaanza tena kuvimba asubuhi. Alipokwenda kupimwa Bomba alimsindikiza. Daktari yuleyule mwenye haraka, safari hii hakuwa na haraka. Alisoma majibu, akayasoma tena.

Njiani kurudi walitembea taratibu, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Samahani, kaka," Sindano akasema. "Nimekupotezea."

"Nyamaza."

"Ulinipa nzima."

"Nimesema nyamaza, mdogo wangu."

Wakawekwa chumba kimoja, viti viwili jirani. Chumba kilikuwa kirefu, kuta zake za kijani, mashine zikiguna zote kwa pamoja. Walichomwa sindano mkononi, damu ikatoka nyekundu kwenye mpira, ikazunguka, ikarudi. Sasa maji yalikuwa adui. Kikombe kidogo ndicho walichoruhusiwa kwa siku, na Bomba, aliyekuwa akilazimishwa kunywa kule juu, alikaa akiota mabomba aliyoyachomelea, maji yakipita ndani yake bure. Sindano alimfundisha kunyonya kipande cha barafu bila kukitafuna. Mtaalamu alikuwa yeye. Aliwahi kupita huko kabla.

"Wauguzi wanasema hatufanani," Sindano alimwambia siku moja.

"Mimi mzuri."

"Wewe mzuri wapi, na mdomo wa zambarau!"

Wauguzi waligeuka kutazama ni akina nani hao wanaocheka mle ndani. Yalikuwapo masaa ya namna hiyo, si mengi. Mengi walilala, au walitazama dari.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Sindano alipata kichomi. Mtu mwingine angekohoa wiki mbili akapona. Yeye mwili wake haukuwa na kitu cha kupigana nacho. Alilazwa siku ambayo si ya kuoshwa damu, na Bomba alikaa naye mchana wote, akimfuta jasho. Sindano alikuwa anazungumza habari za sare za shule ambazo hazijamalizika, vifungo viko kwenye kopo gani, nani alipimwa mikono mirefu sana. Bomba aliitikia, ndiyo, ndiyo, nitawaambia. Kisha dada yake akanyamaza. Bomba aliendelea kumfuta uso muda mrefu, mpaka muuguzi alipokuja akamshika bega.

Alimzika na ile figo ndani yake. Watu wawili watatu walitaja hilo msibani kwa kunong'ona, kama jambo la ajabu. Yeye hakuona ajabu lolote. Alikuwa amempa.

Nyumbani aliifunika cherehani kwa shuka. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake ya mashine. Aliketi kitandani muda mrefu, viatu mkononi, akafikiri kutokwenda. Hakuna ambaye angemlaumu. Ingechukua siku chache tu, na alikwisha kuambiwa hakuna maumivu makali, mtu husinzia tu. Kisha akaona amekwisha kuvaa kiatu kimoja, akavaa na cha pili. Hakujua kwa nini. Labda ni mazoea.

Kwenye kiti cha jirani walikuwa wamemweka mtu mpya, dereva wa malori, pande la mtu, mwenye macho ya woga. Alikuwa akiitazama sindano mkononi mwa muuguzi.

"Bwana," alimwambia Bomba kwa sauti ya chini, "hii inauma?"

"Inauma."

Dereva akashukuru kwa kuambiwa ukweli. Sindano ikaingia, akafumba macho, akahema. Mpira ukawa mwekundu. Baada ya muda akafumbua jicho moja, akaona bado yu hai.

"Na tukishamaliza hapa, ndiyo basi?"

"Keshokutwa tunarudi," Bomba akasema.

Dereva akacheka, akidhani ametaniwa.